Asali Iliyopanda na Jua

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Naliweka hilo mbele kabisa, maana najua mtu akisoma habari ya namna hii huanza kumtafuta mjinga ni nani, na sitaki mpoteze muda mkidhani ni mwenyekiti Masele, au ni kompyuta, au ni yule mama wa Kaliua aliyekuja na ndoo zake tatu. Ni mimi, Festo, fundi wa umoja wa wafuga nyuki, kituo cha Mtendeni, Tabora mjini. Na ujinga wenyewe haukuwa ule wa kukosa shule. Ule una dawa.

Kazi ya kituo chetu ni nyepesi kueleza. Mfuga nyuki analeta asali, tunachovya kijiti cha kipimo ndani ya ndoo, kompyuta inasoma unyevu. Chini ya ishirini kwa mia, asali inapokelewa. Ishirini na kwenda juu, inakataliwa, kwa sababu asali yenye maji mengi huchacha ndani ya pipa na kuharibu ya wenzake. Ukikataliwa mara tatu katika msimu mmoja, jina lako linafutwa, na kambi yako ya msituni, yaani sehemu uliyotundika mizinga, inarudi kwa umoja apewe mwingine. Sheria hiyo tuliipitisha wenyewe kwa kupiga makofi. Mimi nilipiga ya nguvu kuliko wote, kwa kuwa sina kambi.

Programu ya kusoma kijiti niliiandika mimi, kwenye kompyuta ya Linux, na nilikuwa najivuna nayo kama mtu aliyejenga daraja. Kijiti kilikuja na maktaba yake, yaani msimbo ulioandikwa na waliokitengeneza, unaojua kuzungumza nacho. Ili programu yangu itumie maktaba hiyo, wakati wa kukompaili, yaani kuugeuza msimbo uwe lugha ya mashine, lazima nionyeshe zilipo faili za maelezo, zile zinazosema maktaba italeta nini na kwa mpangilio gani. Faili hizo zilikaa kwenye folda yenye namba ya toleo ndani ya jina lake: /usr/local/include/unyevu-2. Nami nikaiandika njia hiyo kwa mkono, pamoja na hiyo mbili yake, mahali kumi na moja katika faili zangu za kukompailia. Kumi na moja! Kama kijana anayechonga jina la mchumba kwenye kila mti wa kijiji, bila kuwaza kwamba mchumba anaweza kuhama.

Mvua zilipokuwa zinaisha radi ikapiga nguzo, kompyuta ikafa. Ikaletwa nyingine, mpya, yenye Linux mpya, na aliyeitayarisha ni Jenifa.

Jenifa ni Msukuma wa Ziba, Igunga. Alikuja kwetu na cheti chake na daftari moja la jalada gumu ambalo anaandika kila kitu anachokibadilisha kwenye mashine, hata akibadilisha saa. Mimi nililiita daftari hilo Zaburi. Nilikuwa naye mwaka wa pili, na sidhani kama ilipita siku bila kumtania. Kwetu mtu asiyetaniwa ni mgonjwa au ni mgeni.

"Fundi," aliniambia, "mashine hii ina toleo la tatu la maktaba. La pili halitolewi tena."

"Mimi ninalo kwenye flashi."

"Unalo zima?"

"Nina ile folda ya maelezo. Inatosha."

Akaacha alichokuwa anafanya. "Maelezo ya toleo la pili, maktaba ya toleo la tatu?"

"Jenifa, mimi nilikuwa nakompaili wakati wewe unapuliziwa uji kule Ziba."

"Sawa, fundi. Lakini usiiambie mashine faili ziko wapi. Iulize. Kuna amri ya pkg-config: unaiuliza maktaba ya unyevu ina faili zake wapi, inakujibu njia ya toleo lililomo leo. Ukifuta zile njia kumi na moja ukaweka swali hilo moja, hata wakileta toleo la kumi hutagusa kitu."

"Yaani mwanamume mzima nianze kuuliza njia ndani ya kompyuta yangu mwenyewe?"

Wapakiaji waliokuwa wamekaa juu ya mapipa wakacheka. Jenifa naye akacheka, kwa adabu, kisha akaandika kitu kwenye Zaburi yake. Mimi nikachomeka flashi, nikatengeneza folda yenye jina lile lile la zamani, nikamwaga humo maelezo ya zamani, nikakompaili.

Haikulalamika hata neno moja. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Kompyuta hiyo hiyo inayokuandikia mistari ishirini ya matusi kwa kusahau nukta mkato, siku ile ilinyamaza kama bibi harusi.

Tulijaribu saa moja asubuhi, mwanzoni mwa mwezi wa sita. Wanaoijua Tabora wanajua asubuhi za mwezi huo: unavaa koti na bado unakunja mikono. Tulichovya kijiti kwenye ndoo ya mwenyekiti Masele. Kumi na saba. Asali ya Masele miaka yote ni kumi na saba au kumi na nane, kwa hiyo nikawageukia watu nikainama kama mcheza ngoma aliyemaliza.

"Tujaribu na mchana pia," alisema Jenifa.

"Ya nini? Asali haina saa."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu. Jenifa anayo kwenye daftari lake, na tarehe.

Sasa niwaeleze habari za mama Levina, maana bila yeye hii ingekuwa habari ya kompyuta tu, na ya kompyuta ningeimeza nikalala.

Baba yangu alikuwa Mgogo wa reli. Alihamishiwa Tabora, akaoa hapa, hakurudi kwao. Kwa hiyo mimi na Wanyamwezi ni watani, na utani wetu ni wa njia ile ya zamani ya misafara. Babu zao walibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani, na walipofika Ugogo kwenye jua kali walikuta babu zangu wamekaa kisimani, wakiwatoza hongo, ushuru wa njia, kwanza ndipo wanywe. Wao hawajasahau, sisi hatujaomba radhi, na maisha yanakwenda. Ukiniona nimesimama na Mnyamwezi na tunatukanana, jua tunapendana.

Levina alikuwa mtani wangu mkubwa. Ni mjane, umri wa dada mkubwa wa mama yangu, mwimbaji wa kwaya ya Moravian kule Kaliua, na alikuwa na kambi yenye mizinga arobaini na miwili, mingi ikiwa ya magome ya miyombo aliyoitengeneza mumewe, marehemu Lugembe, kwa mikono yake. Kila msimu alikuja na basi la asubuhi kutoka Kaliua, akawa anafika kwetu jua likiwa utosini, ndoo zimefungwa vitenge. Miaka sita sikumbuki hata mara moja ameniamkia au nimemwamkia.

"We Mgogo mwuza maji! Bado hujafa?" ndiyo ilikuwa hodi yake.

"Nakungoja wewe, mpagazi. Nani atanibeba makaburini?"

"Nitakubeba. Ila Manyoni nakutua, uoze kwenu."

Baba alipofariki alikuja msibani, akakalia kiti cha marehemu, akaanza kuiga alivyokuwa anahesabu mabehewa huku amesahau miwani kichwani, mpaka mama yangu, aliyekuwa hajala siku mbili, akacheka na kuomba uji. Huyo ndiye Levina. Sikuwahi kumlipa kwa hilo, na utani hauna malipo.

Mwezi huo wa sita alileta ndoo zake za kwanza, saa sita na nusu mchana. Kijiti kikasema ishirini na saba.

"Mpagazi," nikamwambia, "umepitia kisimani kwetu?"

"Nimepita. Nimekuta hakuna mlinzi, Wagogo wote mmekimbilia mjini kuchovya vijiti." Watu wakacheka, naye akacheka, lakini aliitazama ile namba kwenye kioo muda mrefu. Akabeba ndoo zake.

Wiki mbili baadaye akaja tena. Ishirini na tisa. Safari hii hakucheka. Kwenye foleni watu walianza kunong'ona, maana kumi na tano za Levina zilikuwa zinajulikana kama tunavyoijua kumi na saba ya Masele. Mtu mmoja akasema mwanamke akifiwa anashikwa na tamaa. Nilimsikia. Sikumjibu, nilikuwa nachovya ndoo nyingine.

Mara ya tatu kijiti kiliposema ishirini na saba, hakuondoka. Alikaa kwenye kivuli cha ghala mpaka saa kumi na moja, ndoo imefunikwa, kisha akaomba ipimwe tena. Ishirini na nne. Halafu akaja mezani kwangu. Akafungua kitenge alichojifunga kiunoni, akajifunga upya vizuri, akakaa kwenye benchi.

"Habari za kazi, fundi," alisema.

"Nzuri tu."

"Fundi, ndoo ni hii hii moja. Mchana ishirini na saba, sasa ishirini na nne. Sijaifunua. Asali haikauki ndani ya ndoo iliyofunikwa. Na masega yote niliyorina yalikuwa yamefungwa nta, asali imeiva, sikurina machanga. Asali yangu kwenye mashine yako inapanda na jua na inashuka na jua. Naomba uikague."

Neno kwa neno ndivyo alivyosema. Mtu mwenye cheti cha uhandisi asingeweza kuripoti hitilafu vizuri zaidi: kitu ni kile kile, saa zimebadilika, jibu limebadilika. Kilichokuwa kimebaki ni mimi kunyanyua makalio kwenye kiti.

Foleni ilikuwa ndefu na watu wote walikuwa wananitazama mimi. Wananitazama hivi, wakingoja, kama wanavyonitazama siku zote Levina akiwa mbele yangu.

"Ala!" nikasema. "Babu zangu waliuza maji kwa wapagazi miaka yote ile, kumbe wapagazi walikuwa wanayaweka akiba wayatie kwenye asali! Mama huyu ana kisima ndani ya ndoo. Mchana kinajaa, jioni kinakupwa!"

Utani ule ulichekewa sana. Watu walishika mbavu. Nimetania maisha yangu yote na sidhani kama nimewahi kuchekewa vile.

Levina aliurudisha mfuniko wa ndoo, akaukandamiza kwa kiganja pande zote mpaka ukalia. "Haya," alisema. Akaondoka.

Jenifa alinifuata ghalani. "Fundi, anachosema yule mama kina maana."

"Ule ni utani wetu, Jenifa. Wewe wa Igunga huwezi kuujua."

"Mimi sikusikia utani," alisema. "Nimesikia namba mbili."

Kamati ilikaa Jumamosi. Levina aliitwa, akasimama mbele ya meza. Masele akasoma sheria, na Masele akisoma sheria huvua kofia, utadhani anasoma Injili. Levina alisema jambo moja tu, kwamba mumewe alikuwa anamfukuza kambini mtu yeyote anayerina sega ambalo halijafungwa nta, na yeye tangu Lugembe afariki hajabadilisha hata kamba ya mzinga. Masele akanigeukia.

"Fundi, mashine yako ina tatizo?"

Hapa nisiwadanganye. Nilikumbuka maneno ya Jenifa. Nilikumbuka pia zile ndoo za asubuhi, zote safi, kumi na sita, kumi na nane, na nikakumbuka kwamba waliokataliwa msimu huo wote walikuwa wa mbali, wa mabasi. Vyote vilipita kichwani kwa pamoja, kama watu wanaopishana mlangoni. Lakini kusema "sijui, ngoja nikakague" mbele ya kamati, baada ya kuwa nimeinamia watu kama mcheza ngoma!

"Mashine haina ukoo, mwenyekiti," nikasema. "Haimwonei mtu."

Wakacheka. Jina la Levina likafutwa. Kambi akapewa Valentino, mtu wa hapa mjini, ambaye asali yake ilikuwa inafika kituoni kila alfajiri kabla hata hatujafungua geti.

Siku tisa baadaye nilikuwa ofisini na Jenifa, tunakunywa chai. Hakuwa anazungumza nami zaidi ya kazi, na mimi mtu akininunia huwa siwezi kutulia. Nikachukua kijiti, nikakichovya kwenye kikombe changu ili nimchekeshe.

"Tazama, mwenye Zaburi! Chai hii ina unyevu sitini na moja kwa mia. Kumbe arobaini nzima ni majani. Nitaacha kumlalamikia mama ntilie."

Jenifa hakucheka. Alikuja akasimama nyuma yangu. "Chai ni maji matupu, fundi. Ilipaswa kusema karibu na mia, au ikatae kabisa."

"Ni utani."

"Usikitoe. Kiache hapo hapo."

Tukakaa. Sitini na moja. Baada ya muda, hamsini na nne. Nje wapakiaji walikuwa wanabishana mpira. Arobaini na saba. Nikaigusa chai kwa kidole. Ilikuwa imeanza kupoa.

"Chai inakauka, fundi?" aliuliza Jenifa, taratibu.

Nilijua kabla hajafungua chochote. Alifungua tu ili nione. Akaweka faili mbili za maelezo kwenye kioo, bega kwa bega: kushoto ile ya folda yangu ya unyevu-2, kulia ile ya toleo la tatu iliyokuwamo ndani ya mashine tangu siku ya kwanza, ikingoja kuulizwa. Kushoto: kwanza unyevu, pili joto. Kulia: kwanza joto, pili unyevu. Waliotengeneza kijiti walibadilisha mpangilio. Kompyuta ilisoma maelezo ya zamani kwa sababu nilikuwa nimeiamuru kwa jina na namba, halafu ikaunganishwa na maktaba mpya kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwapo. Maktaba ikaleta joto. Programu yangu ikalipokea na kuliita unyevu.

Kumi na saba ya Masele ilikuwa baridi ya saa moja asubuhi. Ishirini na saba ya Levina ilikuwa jua la Kaliua mpaka Tabora, ndoo juu ya keria ya basi.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko chai ile kupoa. Nilifuta njia kumi na moja, nikaweka swali moja, nikaiondoa na folda yenyewe ili isimdanganye mwingine. Nikakompaili. Haikulalamika safari hii pia. Sauti ya haki na sauti ya uongo, kwa kompyuta ni kimya kile kile.

Tuna desturi ya kuweka chupa ndogo ya kila asali iliyokataliwa, yenye jina na tarehe. Jenifa alizileta tatu za Levina bila kuagizwa. Tulizipima mchana, jua kali. Kumi na tano. Kumi na tano. Kumi na tano na nusu. Kisha akaleta ndoo ya Valentino iliyoingia asubuhi ile ile. Ishirini na tatu.

Nilikwenda kwa Masele siku hiyo hiyo, hilo nijihesabie. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa tena.

"Mapipa yameshafungwa na yameshapangwa," alisema. "Ukitangaza kwamba mashine ilikuwa inapima jua, tunafungua mapipa mangapi? Na wale waliokataliwa wote tunawaambia nini?"

"Tunawaambia ukweli, mwenyekiti."

"Ukweli upi? Kwamba fundi wetu aliulizwa mbele ya kamati akasema mashine haina ukoo?" Alinitazama kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza. "Andika hivi, mwanangu: mashine imeboreshwa. Mwakani yule mama alete ombi, tutalijadili."

Nikaandika. Kwa mwandiko wangu mzuri, kwenye ubao wa matangazo: MASHINE YA UNYEVU IMEBORESHWA. Jenifa alikuja akaisoma, akasema "imeboreshwa" kama mtu anayeonja kitu kilichoharibika, akaenda zake. Kesho yake asubuhi nilikuta chupa tatu za Levina zimepangwa juu ya meza yangu. Nikazirudisha ghalani. Keshokutwa yake nikazikuta tena. Siku ya nne nilizifunga kwenye gazeti, nikapanda basi la Kaliua.

Nyumba ya Levina haiko mbali na reli ya kwenda Mpanda. Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka anamenya karanga. Nyuma yake, ukutani, magogo ya magome yalikuwa yamerundikwa kama kuni. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni mizinga. Valentino alikuwa ameiteremsha yote apate kutundika ya mbao, akairudisha kwa mkokoteni wa ng'ombe, na baadhi ilikuwa imepasuka. Nta ya zamani ilikuwa bado imeganda midomoni. Hapakuwa na nyuki hata mmoja.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Mikono yake ilisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwamkia.

"Marahaba," alijibu, akanisogezea kigoda.

Hilo lilinichoma kuliko tusi. Nilikuwa nimekuja njia nzima nikiomba angalau aniite mwuza maji.

Nilimweleza yote. Radi, flashi, folda, namba ya kwanza na namba ya pili, chai. Nilimweleza mpaka tangazo, na mwandiko ulikuwa wa nani. Nikazifungua chupa tatu nikazipanga mbele yake. Alichukua moja, akaiinua kwenye mwanga, akaiinamisha ili aone asali inavyotembea, kisha akaiweka chini.

"Hata bila mashine inaonekana," alisema. "Sasa kambi?"

"Masele anasema mwakani ulete ombi. Litajadiliwa."

"Mwakani." Alitupa macho kwenye mizinga. "Nyuki wakishahama, Festo, hawasomi ubao wa matangazo."

"Nitakwenda kwenye mkutano mkuu. Nitasimama niseme mbele ya watu wote."

"Sema. Itakusaidia kulala."

Alirudi kwenye karanga zake. Ningeondoka hapo. Mtu mwenye akili angeshukuru kwa kigoda, akaaga, akawahi basi. Lakini mimi nimezoea kuondoka mahali watu wakiwa wamecheka. Nikaanza kujitetea.

"Mama, kosa ni langu, sikatai. Ila na wewe ungepiga kelele. Ungekataa kutoka. Ungenishika shati."

"Nilikwambia."

"Uliniambia, ndiyo. Lakini fikiria na wewe. Mimi na wewe ni watani. Miaka sita hatujawahi kuambiana neno la kweli, ni matusi tu na kucheka. Mtani kwa mtani hakuna kesi, ndivyo tulivyolelewa. Wewe unakuja unaniambia asali inapanda na jua, mbele ya foleni nzima. Ningejuaje? Mtu yeyote angedhani ni utani. Ningejuaje kwamba siku ile hutanii?"

Levina aliinua ungo, akapeperusha maganda, akayaacha yaende na upepo mpaka yakaisha.

"Miaka sita nimekuita Mgogo mwuza maji," alisema. "Siku ile nilikuita fundi."